Mistari na mapazia, kadi ya X, rimoti au mlango wazi: ipi iifae meza yenu?

Michezo ya kuigiza mezani, ambapo msimulizi anaeleza hadithi, kila mchezaji anaamua kwa niaba ya mhusika wake, na dadu zinaamua kufaulu au kushindwa, ina jambo ambalo bao na karata hazina: hakuna aketiye pale anayejua kitakachosemwa dakika kumi zijazo. Msimulizi anaeleza ghala la samaki usiku. Mchezaji mmoja anaamua kumtesa mateka ili ataje jina, wa pili anacheka, wa tatu ameinamia simu yake na hajasema neno tangu mateka alipofungwa kamba. Huyo wa tatu ndiye tunayemwandikia, pamoja na msimulizi ambaye bado hajamwona.

Njia za kuilinda meza, yaani kuwalinda wachezaji wasiumizwe na hadithi yenyewe, zipo kadhaa, na nyingi zilitungwa Marekani na Ulaya. Zinafanya kazi. Lakini zilizaliwa kwenye meza ambazo mdogo anaweza kumwambia mkubwa "hapana" mbele za watu bila kuonekana hana adabu. Hapa tunazipima kwa meza za Mwanza: chumba cha kupanga Mabatini, sebule ya Nyegezi, bweni la wanafunzi Malimbe, baraza la nyumba ya wazazi Nansio. Msimamo wetu tuuseme mapema. Mkiwa na nafasi ya njia moja tu, fanyeni orodha ya siri ya mambo ambayo wachezaji hawayataki, kabla ya mchezo; ndiyo mistari na mapazia. Kadi ya X, inayoguswa na mchezaji ili kuondoa kinachomuumiza, inasifiwa kuliko zote na ni nzuri, ila ikiachwa peke yake huku kwetu hukaa mezani jioni nzima bila kuguswa. Kinachouzuia mkono ni heshima, wala si kwamba hakuna aliyeumia.

Kwanza, yanayouma Kanda ya Ziwa

Fomu za ridhaa, ambazo mchezaji hujaza anachokubali na anachokataa, hupakuliwa bure; kama ile iliyotolewa na kampuni ya michezo ya Monte Cook Games mwaka 2019, zinauliza kuhusu damu, buibui, panya, mapepo, madhara kwa watoto na mengine mengi. Ni kianzio kizuri. Ila fomu ya jumla haiwezi kujua kinachomnyima usingizi mtu wa Ukara, kwa hiyo ongezeni ya kwenu.

Anzeni na maji. Hadithi zinazotungwa huku hupenda visiwa, mitumbwi, mawe makubwa ya ufukweni na kitu kinachotoka ziwani usiku, na ni hadithi tamu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Mamia walikufa, na wengi wamezikwa Igoma. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa kufika Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kwenye meza ya watu wazima watano si ajabu kumkuta aliyempoteza mzazi au mwanafunzi mwenzake katika mojawapo. Familia za wavuvi zina misiba yao pia, isiyotangazwa redioni. Kwa hiyo "maji" ni neno pana mno kuulizia. Ulizeni kwa vipande: safari ya mtumbwi, dhoruba, chombo kinachozama na abiria ndani, kutafuta maiti ziwani. Mtu anaweza kuyakubali mawili ya kwanza na kuyakataa mawili ya mwisho, na mchezo wa visiwani ukaendelea vizuri kabisa.

Uchawi nao unahitaji kugawanywa hivyo hivyo, tena kwa uangalifu zaidi, kwa sababu kwa wachezaji wengi si mambo ya kubuni. Kuna mhusika arushaye moto kwa mikono, huyo karibu kila mtu anamvumilia. Kuna kuroga ndugu wa familia. Kuna mganga na ramli chonganishi. Kuna kutamka maneno ya kuita jini au pepo, na mchezaji mlokole au Mwislamu mwenye msimamo anaweza kuona kwamba kutamka ni kutenda, mchezo au si mchezo. Ukimuuliza tu "uchawi sawa?" atajibu "sawa" akiwaza moto, kisha katikati ya kikao umlazimishe kusoma dua ya kuita pepo.

Mwizi kupigwa na wananchi wenye hasira ni jambo la tatu. Wasimulizi hulitumia kama rangi ya mtaa, sekunde mbili wakati wahusika wanapita sokoni, bila kufikiri kwamba aliyepo mezani huenda alishuhudia, au kaka yake ndiye aliyechomwa.

Halafu kuna mauaji ya watu wenye ualbino, na ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu. Viungo vya mtu mwenye ualbino kutumika kama dawa, hilo msiliulizie kabisa. Litoeni nje ya mchezo kimya kimya, maana swali lenyewe linamlazimisha mwenye ndugu huyo kujieleza. La vikongwe liwe nje pia, hadi meza nzima iombe vingine. Tutalirudia.

Mistari na mapazia

Wazo hili lilielezwa na Ron Edwards, mtunzi wa michezo wa Marekani, mwaka 2003. Mstari ni kitu ambacho hakitokei kabisa katika hadithi. Pazia ni kitu kinachotokea, lakini hakielezwi: tukio linafungwa kabla, tunaendelea baada yake.

Wengi huifanya kwa mdomo, kikao cha kwanza, kila mtu ataje yake kwa zamu. Kwa meza ya hapa hiyo ndiyo namna dhaifu kuliko zote. Wa kwanza atasema "mimi sina shida na kitu chochote", na kuanzia hapo kila anayefuata atarudia maneno hayo hayo. Fanyeni kwa ujumbe wa mtu mmoja mmoja, siku tatu kabla. Ujumbe ukae kama huu:

"Mambo, dada. Jumamosi tunaanza hadithi mpya: mji wa bandari, wavuvi, watu wanaopotea usiku. Nijibu hapa hapa, si kwenye grupu. Moja, nini kisitokee kabisa? Mbili, nini kiwepo ila tusikieleze kwa undani? Kama huna, andika SINA. Majina siyataji."

Maneno mawili humo yana kazi yake. "Si kwenye grupu" yanazuia jibu la heshima. "Andika SINA" yanamfanya kila mtu ajibu, maana ukikubali kimya kihesabiwe kama jibu, hutajua nani amesoma na nani ameogopa. Asiyejibu hadi siku moja kabla, mpigie simu. Mzee au kaka mkubwa wa meza naye atumiwe, tena kwa maneno ya heshima zaidi, kwa sababu akirukwa ataona orodha ni ya watoto.

Majibu yakifika, msimulizi anayaandika upya kwa maneno yake, anachanganya mpangilio, na anaongeza matatu aliyobuni mwenyewe. Hayo matatu ni ya lazima kwenye meza ya watu watatu au wanne: bila hayo, mtu atatazama "mimba kuharibika" kwenye orodha na atajua mara moja ni ya nani. Orodha ya mwisho isomwe mwanzoni mwa kikao, kwa sauti ya kawaida, dakika mbili, bila mjadala. Anayeuliza "nani kaweka hilo?" ajibiwe "meza imeweka", mwendelee.

Wasio na bando watumie vikaratasi: ukubwa mmoja, kalamu moja inayozunguka, vyote kwenye mfuko wa kitambaa. Kalamu tofauti zinamtaja mtu kama jina lake.

Idadi inayobebeka ni mistari mitatu hadi minane. Ikizidi hapo msimulizi haikumbuki akiwa kazini. Mara nyingi inazidi kwa sababu mambo madogo manne ni sura za jambo moja, nayo yaunganishwe. Tatizo la upande wa pili ni mstari mpana mno. Mtu akiandika "vurugu", mwulize huko huko faragha: vurugu kwa watoto, kwa mwanamke nyumbani, au mapigano yote? Karibu kila mara jibu linakuwa dogo kuliko neno la kwanza.

Pazia lina ufundi wake, na hapa ndipo wasimulizi wengi huteleza. Fanya mambo matatu: funga tukio, ruka muda, taja matokeo. "Mlango wa stoo unafungwa. Kumekucha, na mateka ameshataja kisiwa. Mnakwenda kwa njia gani?" Sentensi tatu, ukimalizia na swali linalowapa wachezaji kazi. Ukiishia "mlango unafungwa" na kunyamaza, kila mtu anabaki kutazama mlango. Dadu zirushwe kabla ya pazia. Mkilifunga kisha mkaanza kurusha dadu kuona mateso yamefaulu kiasi gani, mmelifungua tena. Na utani wa baadaye kuhusu yaliyotokea nyuma yake uzuiwe siku ya kwanza kabisa, maana pazia huvujia hapo zaidi ya popote.

Kuna faida nyingine ya pazia ambayo miongozo ya kigeni haiizungumzii. Nyumba nyingi za kupanga kuta zake haziishii juu, dari ni moja, na jirani anasikia kila neno. "Tumkate vidole, atasema tu" ikisikika saa tatu usiku bila jirani kuona dadu, mnaweza kupata mgeni mlangoni. Watoto wa mwenye nyumba nao hupita. Kwa meza za namna hii, mateso, mapenzi ya kitandani na maneno ya kuroga yawekewe pazia hata kama wachezaji wote wameyakubali.

Udhaifu mkubwa wa njia hii: inalinda dhidi ya yale mtu aliyoyajua kabla. Harufu ya dizeli, jina la msichana, sauti ya honi ya meli, haya hayaandikwi na mtu kwenye orodha. Kwa hiyo inahitaji mwenza.

Kadi ya X

Ilitungwa na John Stavropoulos mwaka 2013. Kadi yenye alama ya X inalala katikati ya meza. Yeyote akiigusa au kuiinua, kilichokuwa kinasemwa kinaondolewa, na aliyegusa hadaiwi maelezo.

Kuitengeneza hakugharimu kitu: kipande cha manila cha sentimita 10 kwa 15, X kubwa kwa maka nyeusi pande zote mbili, maana kadi hugeuka. Meza ndefu ya watu sita iwe na mbili. Isiwe chini ya sahani ya karanga wala ng'ambo ya kitabu cha msimulizi. Mkono usilazimike kumvuka mtu.

Umeme ukikatika kadi haionekani. Weka ishara ya pili tangu mwanzo: kugonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Baada ya muda wengi huipendelea kuliko kadi, kwa sababu haimlazimishi mtu kunyoosha mkono mbele za watu.

Ikiguswa, msimulizi akate sentensi pale pale, hata katikati ya neno. Aseme "sawa, asante" na si zaidi. Kama haijulikani kinachoondolewa, anaruhusiwa kuuliza "nini", haruhusiwi kuuliza "kwa nini": "Ni la mtoto au la moto?" Kisha abadilishe na asonge: "Mlinzi hakumchoma kisu. Amemfungia stoo, na mna saa moja kabla hajarudi." Yote hayo yasizidi nusu dakika. Msimulizi anayeomba radhi kwa dakika tano anamfanya aliyegusa ajute.

Matokeo ya dadu hubaki. Kadi inaondoa picha, haifuti kushindwa. Mhusika aliyepoteza pambano bado amelipoteza, ila tumebadilisha jinsi alivyolipoteza. Sheria hii ikitangazwa mapema, hoja ya wanaoipinga kadi kwamba watu wataitumia kukwepa hasara inaisha yenyewe.

Sasa udhaifu. Mtu aliyeshtuka kweli hugandishwa, mkono hauendi. Na mdogo akigusa kadi wakati kaka yake mkubwa ndiye anayesimulia, inaonekana kama amemkaripia hadharani. Dawa ya yote mawili ni moja: tangazeni kwamba mtu yeyote anaweza kugusa kwa niaba ya yeyote, bila kumtaja. Hapo aliyegusa hajulikani kama ndiye aliyeumia, na jirani yake anaweza kumwokoa. Msimulizi naye awe wa kwanza, ndani ya saa ya kwanza, kwa jambo dogo: "Hapa nagusa mwenyewe, kidonda nimekieleza kupita kiasi, tunaruka." Kadi iliyoguswa mara moja na mwenye meza haiogopwi tena.

Dalili za kumgusia mwingine: amekuwa kimya ghafla, dadu zake anarushiwa, anacheka kabla ya wengine, ameenda msalani mara mbili ndani ya muda mfupi, anachezea simu wakati ni zamu ya mhusika wake. Dalili moja inaweza kuwa uchovu tu. Ukiziona mbili, gonga. Ukikosea hakuna kilichoharibika.

Rimoti

Beau Jágr Sheldon alitunga mfumo unaotumia vitufe vya rimoti. Vya msingi ni vitatu: simama, rudisha, peleka mbele. Tofauti yake na X ni kwamba X inasema "ondoa", rimoti inasema "kielekee huku". Peleka mbele ni pazia linaloitwa na mchezaji. Rudisha inafuta tukio na kulicheza upya. Simama inaomba pumzi, maji, au swali.

Tunaipendekeza kwa watu wazima wanaopenda hadithi za kutisha na wanataka kufika mbali. Mwenye kadi ya X pekee huvumilia hadi mwisho wa uvumilivu wake, kwa sababu kugusa ni jambo kubwa. Mwenye rimoti husema mapema, kwa sababu "simama" ni jambo dogo. Ndiyo maana meza zenye rimoti mara nyingi hucheza mambo mazito zaidi, na watu hurudi wiki inayofuata.

Rudisha ndiyo inayosumbua. Mkirudi nyuma sana, mchezo unavunjika. Kanuni: rudini hadi uamuzi wa mwisho wa mchezaji, si mwanzo wa tukio. Vilivyotumika tangu hapo, uhai, mishale, dawa, virudishwe, na dadu zilizorushwa zifutwe. Andikeni alama za uhai za wahusika kwa penseli.

Kwa mtu aliyeganda, vitufe vitatu ni vingi kuliko kimoja. Kama ingetulazimu kuchagua kimoja kwa meza ya Kiswahili, tungechagua simama. Hakimlaumu msimulizi, hakimtaji mtu, na kinasemeka hata gizani.

Mlango wazi, na kuzungumza

Mlango wazi unatoka katika michezo ya kuigiza ya nchi za Nordiki (Ulaya ya kaskazini) ambamo washiriki huigiza kwa miili yao badala ya kuketi mezani: yeyote anaondoka wakati wowote, haulizwi, halaumiwi. Kila meza inapaswa kuwa nayo, na ni rahisi kuitangaza. Tatizo ni utekelezaji. Saa nne usiku, kutoka Buswelu kwenda Igoma, daladala zimepungua na bodaboda ni ghali. Mlango huo kwa msichana asiye na nauli umefungwa. Chezeni mchana, au mmalize kabla ya saa mbili na nusu usiku. Wekeni mchango mdogo kwa nauli ya dharura, utunzwe na mtu asiye msimulizi. Na kuondoka nyumba ya watu wakati chakula kiko jikoni ni aibu, kwa hiyo mwenyeji aambiwe kabla kwamba jambo hilo linaweza kutokea na halimhusu yeye.

Mbinu iitwayo Luxton, iliyoelezwa na P. H. Lee, inakwenda njia nyingine. Inatoka kwa watu wenye majeraha ya moyoni walioona kwamba kukata tukio ghafla nako huwaumiza, kwa sababu kilichowagusa kinazikwa tena. Badala ya kuondoa, meza inasimama, mtu anasema anachohitaji, ikiwemo kuamua jinsi tukio litakavyoisha. Inahitaji imani kubwa na watu wachache, watatu au wanne wanaojuana kweli. Kwa meza mpya msiiguse.

Zikiwekwa kando kwa kando

| Njia | Maandalizi | Nguvu yake | Inaposhindwa |
|---|---|---|---|
| Mistari na mapazia | Siku 3 za ujumbe, dakika 2 mezani | Inazuia kabla, kwa siri | Yasiyotabirika |
| Kadi ya X na kugonga | Dakika 5 | Ni ya haraka, haina maelezo | Heshima, kuganda |
| Rimoti | Dakika 15 na jaribio moja | Inaruhusu kwenda mbali | Vitufe vingi, kurudisha kunachosha |
| Mlango wazi | Nauli, saa, mwenyeji | Njia ya mwisho ya kujiokoa | Usiku na umbali |
| Luxton | Miezi ya kujuana | Inamwachia mtu hatima ya tukio | Watu wapya |

Kuchagua

Meza mpya, umri tofauti, wengine ni wageni: orodha ya siri pamoja na kadi na kugonga. Msiongeze kingine. Mkianza na njia tano, kikao cha kwanza kitakuwa mkutano wa sheria na nusu ya watu hawatarudi.

Marafiki wa miaka: rimoti, na orodha mpya kila hadithi mpya inapoanza. Hawa ndio wanaojidanganya kuliko wote, kwa sababu "tunajuana". Walijuana mwaka jana. Tangu hapo mmoja amefiwa, mwingine ana kesi, wa tatu mke wake amepoteza mimba. Orodha ya zamani haijui hayo.

Mnaocheza kwa simu, kila mtu kwake: herufi X kwenye soga inatosha, lakini msimulizi huwa kwenye ramani na haioni. Mteueni mtu wa pili wa kuangalia soga, naye akiiona aseme "simama" kwa sauti. Mtandao ukikatika, aliyetoka ghafla apigiwe simu. Inawezekana ni bando, inawezekana sivyo.

Vijana chini ya miaka 18: mapenzi ya kimwili yako nje bila kuuliza, wazazi wajulishwe maudhui, na kadi ibaki.

Baada ya kikao, kwa meza yoyote, tumieni dakika tano za nyota na matakwa, mbinu ya Lu Quade: kila mtu ataje kitu kimoja alichokipenda na kimoja anachotamani kikao kijacho. Ukiuliza "mmeonaje?" utajibiwa "poa" na meza nzima. Tamanio halimkosoi mtu, kwa hiyo husemwa. "Natamani tupumzike na stoo, twende visiwani" ni ujumbe kamili kwa msimulizi anayesikiliza.

Meza ikitaka lililo gumu

Kuna meza inayotaka kucheza hadithi ya ramli chonganishi kwa makusudi, kwa sababu inawahusu na wanataka kuitazama usoni. Inawezekana, na inaweza kuwa kazi nzuri kuliko mapango na majoka yote. Masharti ni haya. Kila mtu aulizwe peke yake, na "hapana" moja inatosha kuiacha, bila kutafuta imetoka kwa nani. Kijiji kiwe cha kubuni. Msiseme Magu wala Kwimba, kwa kuwa aliyepo anaweza kuwa na bibi huko. Mtuhumiwa awe mhusika wa mchezaji aliyejitolea, mwenye jina, shamba na maneno yake mwenyewe, asiwe kikongwe wa pembeni anayeuawa ili tukio linoge. Mauaji yawe nyuma ya pazia. Kinachochezwa ni majirani: nani alinyamaza, nani alipokea hela ya mganga, nani alifungua mlango usiku. Vikao viwe vifupi, kila kimoja kidumu saa mbili na nusu, na kikao kinachofuata kiwe cha hadithi nyingine nyepesi.

Mwisho kuna mchokozi. Uchokozi wenyewe si adui. Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Wasukuma, wamekuwa wakichokozana kwa nyimbo kwenye ngoma za Usukumani kwa vizazi, maneno makali kweli, ila uwanja unajulikana, mashabiki wanajua walichokuja kuona, na anayeimbwa ana zamu ya kujibu. Mchezaji anayevuka mstari uliosomwa mbele yake hana hata kimoja cha hivyo: anamgusa mtu asiyeweza kujibu bila kufichua siri yake. Hakuna kadi inayomzuia huyo, kwa sababu kadi inategemea aheshimu.

Akivuka mara ya kwanza, chukulia amesahau. Kata tukio, mfuate faragha siku hiyo hiyo, mwambie mstari wenyewe kwa maneno yake halisi na umsikie akiurudia. Usimwambie ni wa nani, hata akibembeleza, hata kama ni rafiki yako wa utotoni. Akivuka mara ya pili, asialikwe tena, na msimulizi ndiye amwambie, asimwachie mwenyeji. Mhusika wake aondoke kwa sentensi moja mwanzoni mwa kikao kijacho, bila kifo cha kisasi, kisha meza isome orodha yake tena na kuendelea pale ilipoishia.